Kiti cha Namdev

Revati Namdev alifika kazini saa nne na dakika kumi asubuhi, amevaa sari ya kijani yenye pindo jembamba, akamkuta Dinkar Namdev ameshakaa kwenye kiti chake. Daftari la mahudhurio lilikuwa na saini ya Dinkar tayari. Mbele yake kulikuwa na kikombe cha chai iliyoanza kuweka utando, maana hakuwa ameigusa.

Dinkar ni jina aliloitwa Revati mwenyewe kwa miaka thelathini na minne, kumi na mmoja kati ya hiyo ndani ya maabara hii ya kupima mbegu, pembeni mwa mji wa Jabalpur. Ijumaa alikuwa amempelekea mkuu wa maabara, Bwana Khare, barua ya kurasa mbili pamoja na cheti cha ofisi ya wilaya, akieleza kwamba yeye ni mwanamke, kwamba amekuwa mwanamke siku zote, na kwamba kuanzia Jumatatu angependa aitwe Revati. Jumamosi alikusanya mashati saba na suruali nne, akampelekea mama mchuuzi anayepita mtaani na kapu kichwani akibadilisha nguo kuukuu kwa vyombo vya stili. Walivutana kidogo. Revati alitaka sufuria mbili, mama akasema kola zimelika, na mwishowe ikatoka sufuria moja yenye mfuniko. Shati la mistari ya kijivu lilikuwa juu kabisa ya furushi lile. Sasa lilikuwa kitini, na Dinkar ndani yake.

Hakuna aliyeshangaa. Mtumishi wa serikali akionekana kitini kwake Jumatatu asubuhi, jambo hilo halidai maelezo. Kusum Raikwar, mama wa miaka hamsini na ushei aliyekaa meza ya mkabala tangu Revati aajiriwe, alinyanyua macho kutoka kwenye sahani ya mbegu, akaikagua sari kuanzia begani hadi chini.

“Umeifunga mwenyewe?”

“Ndiyo, dada Kusum.”

“Mikunjo imekwenda kombo.” Akanyoosha mkono airekebishe, mkono ukaishia njiani, ukarudi kwenye mbegu. “Utazoea.”

Halafu akamgeukia Dinkar, akamuuliza kama mvua imemkuta njiani. Dinkar akajibu kwamba ni kidogo tu. Shati lake lilikuwa kavu kabisa.

Bwana Khare alimwita Revati kwenye chumba chake chenye ukuta wa kioo. Alikuwa mtu mpole, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake kwa urefu kila anapotafuta maneno. Alisema barua ameisoma mara mbili na imeandikwa vizuri. Alisema yeye binafsi hana neno, ana binti anayesoma Pune na mambo haya anayafahamu. Shida yake ilikuwa moja tu.

“Nafasi ni moja, na Namdev yupo,” akasema, akionyesha kwa kidole kupitia kioo. “Amefika kwa wakati, ametia saini. Nitaandikaje kwamba mtu hayupo na huku namwona?”

“Yule si mtu, bosi. Yule ni vile mlivyokuwa mkinidhania mimi.”

“Sawa. Lakini yupo.” Akaihamisha kalamu nyekundu, akaiweka nyuma ya ile ya bluu. “Siku akiacha kuja, tutakaa tuzungumze.”

Kwa wakati huo Revati alipewa stuli ya mbao karibu na mlango wa chumba cha kuoteshea. Kuhusu choo, Bwana Khare alieleza kwamba wameandika barua makao makuu kuuliza ni mlango upi, na mpaka jibu litakapokuja, ingefaa asinywe maji mengi. Aliyasema haya kwa upole, kama daktari anayemwambia mgonjwa apunguze chumvi. Revati alishukuru, akaenda kukaa kwenye stuli.

Kazi yenyewe haikubadilika. Mkulima au kampuni huleta gunia, maabara huchota sampuli, mtu hukaa na kibano na kuhesabu mbegu mia nne, mia mia kwenye kila karatasi iliyoloweshwa. Karatasi inaviringishwa na kusimamishwa ndani ya chumba chenye joto. Baada ya siku saba au nane inakunjuliwa, na zilizoota zinahesabiwa. Revati alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Aliweza kupanga mbegu za dengu bila kuzitazama, huku akisikiliza mazungumzo. Miaka yote hiyo mazungumzo ndiyo yaliyomfanya aipende kazi, ingawa hakuwahi kumwambia mtu.

Dinkar hakufanya kazi. Alishika kibano kwa namna inayofaa na kuinamia sahani, lakini mbegu zilibaki zilivyokuwa. Jioni Revati alipomaliza, fomu zilipelekwa mezani kwa Dinkar, naye akatia saini pale palipoandikwa “mpimaji”. Saini ilikuwa ile ile, yenye mkia mrefu kwenye herufi ya mwisho. Bwana Khare alimsifu Namdev mbele ya watu kwamba mwezi huu amefanya kazi mara mbili. Kwa hesabu hakukosea sana.

Lililomuuma Revati zaidi lilikuwa chakula cha mchana.

Girdhari Choukse, wa meza ya pembeni, alikuwa rafiki yake. Hakuna neno jingine la kutumia hapo. Kila siku saa saba walifungua mikebe yao juu ya meza moja, Girdhari akachukua mboga ya Revati na Revati akachukua bamia za mke wa Girdhari, ambazo hukaangwa mpaka zikauke zikawa na ukingo mweusi. Walipokuwa wakila, Girdhari alimwaga ya moyoni. Revati alijua lini mama yake alianza kupoteza macho, na mkopo wa pikipiki ulivyomkosesha usingizi, na jinsi binti yake mkubwa, Vaishali, alivyoogopa hesabu mpaka Revati akaenda kwao Jumapili tisa mfululizo kumfundisha. Revati mwenyewe hakusema mengi. Alikuwa na jambo moja tu la kusema, na alilikalia miaka kumi na mmoja. Aliamini kwamba siku akilisema, wa kwanza kulisikia vizuri angekuwa Girdhari.

Sasa Girdhari alifungua mkebe wake mbele ya Dinkar. Aliusukuma katikati ya meza kama kawaida, akaanza kusimulia. Dinkar alitabasamu mahali pa kutabasamu, akichelewa kidogo, kama alivyokuwa akichelewa Revati zamani alipokuwa anafikiria mambo yake. Hakula. Girdhari alimaliza bamia zote mwenyewe, akamwambia Kusum kwamba siku hizi tumbo la Dinkar haliko sawa. Revati alikula chapati zake kwenye stuli, umbali wa hatua kumi na moja, na kila neno alilisikia.

Siku ya nne alijaribu. Alibeba mkebe wake akaenda kukaa ubavuni kwao. Girdhari akanyamaza. Hakumtukana wala hakuondoka, ila alitafuna polepole huku macho yameganda kwenye kifuniko cha mkebe, na shingo yake ikawa nyekundu. Dinkar pia alinyamaza, kwa kuwa hakuna aliyemsemesha. Walikaa hivyo mpaka saa nane. Kesho yake Revati akabaki kwenye stuli.

Jioni moja, saa kumi na moja, wengine walipokuwa wameshachukua miavuli yao na kuondoka, alimkuta Dinkar bado amekaa, mikono juu ya meza. Kiti kile kilikuwa kibovu, kililia kwa kila aliyekikalia, lakini kwa Dinkar kilikaa kimya. Revati akaegemea meza ya Kusum.

“Kwa nini unakuja?”

Dinkar akafikiri. “Wananiita. Asubuhi mtu anauliza, Namdev bado hajafika? Basi nafika.”

“Na wakiacha kukuita?”

“Hawajaacha.”

“Humo ndani pakoje?”

“Pakubwa,” akasema Dinkar. “Tangu uondoke kuna mwangwi.”

Hakukuwa na lawama katika sauti yake. Revati aliujua mwangwi ule, aliishi nao tangu akiwa na miaka sita. Alijikuta anamwonea huruma, jambo ambalo hakulitarajia, na papo hapo akagundua kwamba haya ndiyo mazungumzo marefu kuliko yote aliyoyafanya tangu Jumatatu ile. Akamwambia kwaheri, akafungua mwavuli, akaenda kituoni. Aliporudi asubuhi, Dinkar alikuwa kitini.

Mvua za mwezi wa Shravan zikakolea, na siku ya kufunga nyuzi ikakaribia. Siku hiyo dada humfunga kaka uzi mwekundu kwenye mkono wa kulia, na asiye na kaka wa damu humfunga yeyote aliyemchagua. Akishafungwa, ni kaka. Katika maabara ile walikuwa na mtindo wao. Siku moja kabla ya sikukuu, saa tano asubuhi, wanawake wanne walitandika mkeka kwenye ukumbi wa kupokelea sampuli, wakaketi na sinia zao, na wanaume wakapita kwa zamu kuanzia mwanzo wa mkeka hadi mwisho. Kisha dada humwomba kaka zawadi mbele ya watu wote, na kaka hakatai. Kusum aliwahi kumwomba Bwana Khare feni mpya, na feni ikaja. Miaka minane mfululizo Kusum alimfunga Dinkar uzi. Miaka yote minane Revati alinyoosha mkono huku akiutazama mkeka, upande ule ambako hakuna aliyemkaribisha.

Mwaka huu alinunua uzi mmoja. Kaka yake wa damu aliishi mji wa Katni, na alikuwa ametuma ujumbe mfupi kwamba uzi usitumwe, posta wataurudisha. Revati aliusoma ujumbe huo akiwa jikoni, akauzima moto wa sufuria, na hakula jioni ile. Kwa hiyo mkono uliombakia duniani ulikuwa wa Girdhari. Alitaka kumfunga, na alitaka Girdhari amwite dada, mara moja tu, kwa sauti ambayo wengine wangeisikia. Kiti wangeweza kubaki nacho. Alikuwa radhi kukaa kwenye stuli miaka mingine yote kama angelipata neno hilo.

Alimngoja kwenye ujia wa kwenda stoo.

“Girdhari, kesho nataka nikufunge uzi.”

Girdhari akajikuna shingo. “Watu wataongea.”

“Watasema nini?”

“Watasema... sijui. Watasema Girdhari kajiokotea dada gani huyu.” Hapo akaona haya, akatazama viatu vyake. “Mimi sina ubaya na wewe. Unanijua.”

“Nakujua.”

“Basi tutaona. Siku ifike kwanza.”

Siku ikafika. Kusum ndiye aliyekuwa mwenye mkeka, na alipomwona Revati amesimama mlangoni na sinia lake dogo, lenye uzi mmoja, punje za mchele na kipande cha kitamu cha ladu, alitazama huku na huku. Akasogeza sinia lake.

“Kaa pale mwisho,” akasema. “Mkeka si wa mama yangu.”

Revati akakaa mwisho. Wanaume watano wakaanza kupita. Waliketi mbele ya Kusum, wakapakwa alama nyekundu kwenye paji la uso, wakafungwa uzi, wakalishwa kitamu, wakasogea kwa wa pili, wa tatu, wa nne. Walipomaliza na wa nne waliinuka wakarudi walikotoka, kama vile mkeka ulikuwa umeishia pale. Bwana Khare alifanya vivyo hivyo, ila yeye alimwitikia Revati kwa kichwa alipokuwa anainuka. Hata hilo Revati alilipokea.

Girdhari alikuwa wa nne. Baada ya kufungwa nyuzi zote alisita. Akapiga hatua moja upande wa Revati, akafika mbele yake, akauinua mkono wake wa kulia akautazama kama mtu anayeangalia saa.

“Mkono umejaa,” akasema.

Nyuzi zilikuwa nne. Ukumbini kulikuwa na mwanamume mmoja ambaye nyumbani ana dada saba, na nyuzi zao zote saba huzivaa. Girdhari aliushusha mkono, akaenda kusimama dirishani, mgongo kwao. Revati alibaki ameushika uzi ncha mbili. Moyo ulimwuma waziwazi, hakuna namna ya kulipamba jambo hilo. Aliona aibu ya kukaa na aibu ya kuinuka, akashindwa kuchagua.

Wa mwisho alikuwa Dinkar. Kusum alimfunga kwa furaha, juu ya mkono wa shati, wengine wakafunga hapo hapo. Ladu walizompa alizishika kiganjani. Alipomaliza na wa nne hakuinuka. Hakuna aliyemwita, lakini alisogea, akaketi mbele ya Revati, akakunja mkono wa shati mpaka karibu na kiwiko, akaunyoosha.

Revati aliujua mkono ule. Juu kidogo ya kifundo ulikuwa na alama ya kuungua, ya siku aliyogusa mlango wa jiko la kukaushia mbegu, na Girdhari akampaka dawa ya meno huku akimcheka. Alama kama hiyo ilikuwa kwenye mkono wake mwenyewe, chini ya bangili. Aligusa ngozi. Ilikuwa baridi kama karatasi iliyoloweshwa, na hakukuwa na mapigo. Akafunga uzi, fundo mara mbili, akampaka rangi kwenye paji la uso, akamsogezea kitamu mdomoni, Dinkar akakipokea kwa mkono.

“Asante, dada,” akasema Dinkar.

Ukumbi wote ulisikia. Machozi yalimlenga Revati, akayafuta kwa ncha ya sari kabla hayajashuka. Ndilo neno alilokuwa akilitaka, na limetamkwa kwa sauti aliyoivumilia miaka thelathini na minne.

Kusum alipiga makofi. “Zawadi sasa! Mwenzetu aombe naye. Usimwonee haya, kaka yako huyo.”

“Nataka kiti,” akasema Revati.

Kusum aliacha kupiga makofi. Feni iliendelea kuzunguka. Bwana Khare alisema kiti ni mali ya serikali na kimeandikwa kwenye orodha kwa jina la anayekikalia. Kisha akawaza kidogo, akaongeza kwamba, kwa kuwa ni kutoka kwa Namdev kwenda kwa Namdev, orodha haitaguswa, na yeye haoni kizuizi. Kila mtu alipumua. Dinkar aliitikia kwa kichwa, akaweka zile ladu kwenye sinia la Revati, akakunjua mkono wa shati, akaenda mpaka kwenye msumari wa miavuli karibu na mlango. Alipoufikia, hakukuwa na mtu tena. Lilibaki shati la mistari ya kijivu likining'inia msumarini, na nyuzi tano kwenye mkono wake, nne nje na mmoja ndani.

Revati akakaa kitini. Kiti kikalia. Alivuta droo, akakuta kibano chake cha zamani mahali pake, na kioo cha kukuzia, na ganda la peremende alilolisahau mwezi wa Juni. Akaanza kuhesabu ngano. Kwa muda kama wa saa nzima alikuwa mtu mwenye furaha.

Mpishi wa chai akapita. “Chai yako, kaka Dinkar.”

Revati alifikiri hajasikia vizuri. Kisha Bwana Khare alitoka na faili, akaliweka mezani kwake, akasema, “Namdev bwana, hizi za soya leo leo.” Kusum akaomba kioo cha kukuzia. Alinyoosha mkono bila kuinua uso, na alipokipata akasema, “Ubarikiwe, kaka.” Revati aliitazama sari yake. Ilikuwa pale, ya zambarau siku hiyo, na mikunjo aliipatia vizuri. Bangili zilikuwa mkononi. Macho ya Kusum yalipita juu ya vyote hivyo kama yanavyopita juu ya ukuta.

Saa saba Girdhari alikuja na mkebe. Alikaa kwa kishindo, mtu aliyetua mzigo, akausukuma katikati. Zilikuwa bamia.

“Leo rangi imekurudia, kaka,” akasema. “Nilikuwa na wasiwasi na wewe. Kula.”

Revati alikula. Tuseme ukweli, alikula kwa pupa, alizikosa bamia zile kuliko alivyokosa watu wengine wa ukoo wake. Girdhari alimtazama machoni, jambo ambalo hakulifanya tangu Julai, akaanza kusimulia. Vaishali amepata nafasi chuo cha uuguzi, lakini kiko Nagpur. Bibi yake amegoma kula, anasema msichana hatoki nyumbani kwenda kulala mji wa watu. Mke wake yuko katikati. Barua ya kukubali nafasi inatakiwa Ijumaa.

“Sijui la kufanya. Nikimwachia, mama atanifia mikononi. Nikimzuia, mtoto haongei na mtu. Wewe unamjua, ulimfundisha. Unasemaje, kaka?”

Revati akaweka chapati chini.

“Girdhari,” akasema. “Mimi ni Revati.”

Girdhari alitafuna, akameza.

“Najua una mawazo, kaka,” akasema kwa upole sana. “Kula kwanza.”

Hapo Revati akaelewa kiti kile kilivyo. Hakuna aliyekuwa akimfanyia hila. Wangemletea chai, faili na bamia, wangemweleza siri zao na kumuuliza ushauri mpaka siku ya kustaafu, miaka ishirini na minane ijayo, na angelala kila usiku akijua kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekutana naye. Alikitazama kifuniko cha mkebe. Alitamani kubaki. Alitamani vibaya sana, akakishika kiti kwa mikono miwili. Alikaa hivyo muda wa kumaliza chapati moja.

Kisha akainuka. Alitembea hatua kumi na moja mpaka kwenye stuli, akakaa.

Shati lilishuka msumarini, likatembea, na lilipofika mezani Dinkar alikuwa ndani yake. Alikaa. Kiti hakikulia. Girdhari hakuonekana kugundua lolote, ila alivuta kola yake, kama mtu aliyepitiwa na upepo, kisha akausogeza mkebe upande wa Dinkar na kurudia swali lake.

“Unasemaje, kaka?”

Dinkar aliutazama mkebe. Alimfahamu Vaishali kwa jina tu.

“Mwache aende,” akasema Revati kutoka kwenye stuli. Hakupaza sauti, lakini chumba kilikuwa kimya. “Ukimzuia atabaki nyumbani, na hutakuwa naye. Atakaa mezani, atakujibu kila unachomuuliza, na wewe utaona mambo yako sawa. Mama yako atakula. Mpelekee maziwa mwenyewe, usimtume mtu. Na huyo mtoto mpeleke Nagpur wewe mwenyewe, uone anapolala.”

Girdhari alikuwa ameshika kipande cha chapati hewani. Kwa muda mfupi uso wake uligeuka, ukafika karibu nusu ya njia ya kuelekea mlango wa chumba cha kuoteshea. Ukaishia hapo. Akamrudia Dinkar.

“Umenena, kaka,” akasema, na sauti yake ilikuwa nzito. “Wewe ndiye unayenielewa humu ndani.”

Dinkar akatabasamu, akichelewa kidogo.

Vaishali alikwenda Nagpur mwanzoni mwa mwezi uliofuata. Baba yake alimsindikiza kwa treni, akaona bweni, akarudi na boksi la pera, vile vitamu vya maziwa, akalipitisha meza kwa meza. Kusum alipata kipande kimoja, Bwana Khare kimoja, mpishi wa chai kimoja. Dinkar alipewa viwili, kwa ajili ya ushauri. Boksi lilipofika mwisho wa chumba lilikuwa tupu, na Girdhari alilikunja akalitia kapuni huku akitazama pembeni.

Saa kumi na moja watu waliondoka. Dinkar aliinuka, akatembea hadi kwenye stuli akiwa ameshika vipande vyake viwili, akaviweka juu ya karatasi kavu.

“Vyako, dada,” akasema.

Revati alivila vyote viwili, akafuta vidole, akaandika kwenye fomu kwamba kati ya mbegu mia zimeota tisini na moja, na Dinkar akatia saini.